Bei ya Chini na Thamani ya Fedha: Historia ya Utoaji wa Zabuni katika Serikali za Mitaa za Bonde la Kilombero, 1926–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna serikali za mitaa katika Bonde la Kilombero zilivyoamua nani apewe kazi ya kujenga, kuuza au kutoa huduma kwa fedha ya umma, tangu kuundwa kwa hazina za wenyeji mwaka 1926 hadi kutolewa kwa kanuni mpya za ununuzi wa umma mwaka 2024. Data zake ni sheria, kanuni, nyaraka za sera na maandiko ya kihistoria yaliyochapishwa. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya vigezo, kutoka bei ya chini hadi thamani ya fedha, yaliambatana na mabadiliko ya mwenye mamlaka ya kupima thamani hiyo. Kila mageuzi yalikuja kuponya ugonjwa wa kweli, hasa upendeleo na rushwa, lakini yaliusogeza uamuzi mbali zaidi na watu wanaojua mafuriko, umbali na misimu ya bonde. Insha inahitimisha kwamba, chini ya sheria iliyopo, thamani ya fedha huamuliwa zaidi wakati wa kuandaa mpango na nyaraka za zabuni kuliko wakati wa tathmini, na kwamba hapo ndipo maarifa ya mahali yanapopaswa kuingizwa.

1.0 Utangulizi

Katika shule nyingi za vijijini nchini Tanzania kuna majengo yanayoitwa maboma: kuta zilizofika usawa wa linta kisha zikasimama, bila paa, bila sakafu, miti ikiota ndani. Mwandishi wa insha hii, aliyekulia katika Bonde la Kilombero, alisoma jirani na boma la namna hiyo. Wanafunzi walilijua kama mahali pa kujificha jua wakati wa mapumziko. Watu wazima walilieleza kwa sentensi moja tu: kazi alipewa aliyetaja bei ndogo kuliko wenzake. Kama maelezo hayo yalikuwa ya kweli kuhusu boma lile, hapa si mahali pa kuthibitisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba yalikubalika kwa kila aliyeyasikia. Ndani yake mlikuwa na nadharia kamili ya ununuzi wa umma, kwamba bei ya chini inaweza kuwa gharama kubwa.

Nadharia hiyo ya kijijini ndiyo ambayo wanasheria na wachumi huiita thamani ya fedha. Hata hivyo, tafiti nyingi kuhusu ununuzi wa umma nchini Tanzania zimejikita katika swali la utii: je, halmashauri zinafuata sheria? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Halmashauri inaweza kufuata kila kifungu na bado ikanunua saruji inayofika shuleni wakati barabara imekwisha kuzama. Kwa hiyo, insha hii inauliza swali la kihistoria: dhana ya thamani ilifikaje katika serikali za mitaa za bonde hili, na katika kila kipindi ni nani aliyepewa haki ya kuitafsiri?

2.0 Neno na Dhana

Neno zabuni lina asili ya Kiarabu. Kabla ya kuwa istilahi ya ofisi lilikuwa neno la mnada: kuzabuni ni kutaja bei mbele ya wanunuzi wengine, na anayetaja bei kubwa ndiye anayeondoka na mali. Katika ununuzi wa serikali mantiki hiyo iligeuzwa, kwa kuwa anayetaja bei ndogo ndiye anayetarajia kushinda. Hata hivyo, maana zote mbili zimeendelea kuishi katika halmashauri. Halmashauri inapotafuta wakala wa kukusanya ushuru wa soko, hutazama nani ataleta zaidi. Inapotafuta mjenzi wa zahanati, hutazama nani atachukua kidogo. Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2013 ziliziweka hali hizo mbili katika kanuni moja: mshindi ni mwenye bei ya chini zaidi iliyotathminiwa, au ya juu zaidi iliyotathminiwa kwa zabuni za ukusanyaji wa mapato, na si lazima awe mwenye bei ya chini au ya juu zaidi iliyowasilishwa.

Tofauti kati ya bei iliyowasilishwa na bei iliyotathminiwa inaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni. Mzabuni wa kwanza anauza mfuko wa saruji kwa shilingi 17,000, makabidhiano yakifanyika Ifakara mjini. Wa pili anauza kwa shilingi 19,000, makabidhiano yakifanyika shuleni, upande wa Mlimba. Ikiwa usafiri kutoka Ifakara hadi shuleni ni shilingi 3,000 kwa mfuko, bei ya kwanza iliyotathminiwa inakuwa 20,000, na wa pili anashinda ingawa siku ya kufungua zabuni bei yake ilisomwa kuwa kubwa. Lakini hesabu hiyo inaruhusiwa tu kama nyaraka za zabuni zilitaja mapema kwamba gharama za usafiri zitaongezwa. Kamati ya tathmini hairuhusiwi kubuni kigezo baada ya bahasha kufunguliwa. Jambo hili dogo la kiufundi litarejea mara kadhaa katika insha hii.

Nje ya Tanzania, dhana hii ina historia yake. Nchini Uingereza, sheria za mwaka 1980 na 1988 zililazimisha mamlaka za mitaa kushindanisha huduma zao, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba bei ilimeza ubora. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1999 iliondoa ulazima huo na kuweka wajibu wa thamani bora, uliotaka mamlaka zihoji sababu ya huduma, zijilinganishe na wengine, zishauriane na wananchi na zishindanishe. Tanzania ilipokea msamiati wa thamani kwa njia nyingine: sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu ununuzi ya mwaka 1994 na masharti ya Benki ya Dunia. Katika njia hiyo, kipengele cha kushauriana na wananchi hakikupewa uzito uliopewa ushindani.

3.0 Hazina za Wenyeji na Kazi Isiyo na Bei, 1926–1961

Chini ya utawala wa Waingereza, Ifakara ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoongozwa kutoka Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero. Larson (1976), katika tasnifu yake kuhusu historia ya Mahenge, anaonesha kwa kina jinsi utawala huo ulivyojengwa juu ya jamii zilizokuwa zimeumizwa na Vita vya Majimaji na Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliunda mamlaka za mitaa zenye hazina zao. Hazina hizo zilipata sehemu ya kodi, zikalipa mishahara ya watawala wa kienyeji, makarani na matarishi, na kwa kilichobaki zikagharimia mambo madogo kama zahanati, masoko na njia.

Ununuzi wenyewe ulikuwa na ngazi mbili. Vifaa vya kutoka nje kwa ajili ya serikali ya koloni vilipitia kwa Mawakala wa Taji wa London, taasisi iliyonunua kwa niaba ya makoloni. Mahitaji madogo yalinunuliwa katika maduka ya wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, waliokuwa katika miji midogo kama Ifakara, na Bwana Shauri ndiye aliyeidhinisha matumizi. Hapakuwa na bodi ya zabuni ya wenyeji. Thamani ilipimwa na afisa mmoja, kwa jicho lake, na kwa hofu ya mkaguzi wa hesabu.

Ipo sehemu ya tatu ambayo haionekani katika vitabu vya hesabu. Asiyeweza kulipa kodi alitakiwa kuilipa kwa kazi. Njia zilifyekwa na mizigo ikabebwa kwa nguvu ya watu ambao kazi yao haikupewa bei ya soko. Mwanahistoria wa ununuzi asipokumbuka jambo hili atadhani kwamba barabara za wakati huo zilikuwa rahisi. Ukweli ni kwamba gharama yake ilikuwa imehamishiwa kwa mkulima, aliyepoteza siku za kulima mpunga. Suala la nani anabeba gharama ambayo haikuandikwa litajitokeza tena, kwa sura tofauti, katika karne ya ishirini na moja.

4.0 Uhuru, Madaraka Mikoani na Kutoweka kwa Ushindani, 1961–1984

Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya zilirithi majukumu makubwa na mapato hafifu. Kufutwa kwa kodi ya kichwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kulizidhoofisha zaidi, na mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Majukumu yake yalichukuliwa na watendaji wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Katika muongo huohuo wilaya ya Kilombero, yenye makao makuu Ifakara, ilisimama peke yake baada ya kumegwa kutoka Ulanga, na reli ya TAZARA ikapita katikati ya bonde. Monson (2009) ameeleza jinsi reli hiyo ilivyobadili maisha ya wakazi wa ukanda huo, ikiwemo biashara ndogondogo za mazao na bidhaa.

Kwa upande wa ununuzi, kipindi hiki kina sifa ya pekee: ushindani ulikosa mahali pa kusimama. Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, ilipanga bei za bidhaa nyingi. Kampuni za Biashara za Mikoa zilisambaza bidhaa za jumla, na mashirika ya umma yalinunua mazao. Afisa aliyehitaji mabati kwa ajili ya zahanati ya Mang'ula hakuuliza nani anauza kwa bei nafuu. Aliuliza kama mabati yapo. Upatikanaji ulichukua nafasi ya bei, na ujamaa wa kuomba kibali ulichukua nafasi ya zabuni. Watumishi waliokuja kusimamia halmashauri zilizorejeshwa baadaye walikuwa wamelelewa katika mazoea hayo. Hatuwezi kuelewa udhaifu wa bodi za zabuni za miaka ya 1980 na 1990 bila kukumbuka kwamba kwa zaidi ya muongo mmoja stadi ya kulinganisha wauzaji haikuhitajika.

5.0 Madiwani katika Bodi ya Zabuni, 1984–2004

Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 (Na. 7 ya Mamlaka za Wilaya, Na. 8 ya Mamlaka za Miji na Na. 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa) zilirejesha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Katika mfumo huo mpya madiwani walikuwa na sauti katika utoaji wa zabuni. Hoja ya kuwashirikisha ilikuwa ya kidemokrasia na yenye nguvu: diwani ndiye anayejua kata yake, ndiye atakayeulizwa daraja likikatika, na ndiye anayejua ni mkandarasi gani aliwahi kukimbia kazi.

Hoja ya kuwaondoa nayo ilikuwa na nguvu. Diwani aliyeamua zabuni alikuwa pia mtu mwenye ndugu, marafiki, wafadhili wa kampeni na wakati mwingine biashara yake mwenyewe. Mwaka 1996 Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliutaja ununuzi na utoaji wa kandarasi za serikali miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa sana na rushwa. Mwaka 1997 ikatungwa sheria ya kusajili makandarasi, na Oktoba 1998 ukatolewa waraka wa sera ya mageuzi ya serikali za mitaa. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kuuweka ununuzi wa umma chini ya sheria moja mahususi.

Sheria hiyo haikudumu. Kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba Bodi Kuu ya Zabuni ilikuwa msimamizi na mtoaji wa zabuni kwa wakati mmoja. Sheria Na. 21 ya mwaka 2004 iliiondoa, ikaunda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), na kuacha uamuzi wa zabuni kwa kila taasisi. Katika halmashauri, bodi ya zabuni ikawa ya wakuu wa idara walioteuliwa kwa taaluma na nyadhifa zao. Mkurugenzi Mtendaji akawa afisa masuuli, kitengo cha usimamizi wa ununuzi kikaandaa nyaraka, kamati ya tathmini ikapima, bodi ikaidhinisha. Madiwani wakabaki na usimamizi kupitia kamati ya fedha: kupokea taarifa na kuhoji, si kuchagua mshindi.

Katika mkondo wa hoja ya insha hii, hapo ndipo penye mgeuko mkubwa. Uamuzi haukuhama kutoka Ifakara kwenda Dar es Salaam, ulibaki Ifakara. Ulihama kutoka kwa mtu aliyezaliwa bondeni kwenda kwa mtumishi ambaye anaweza kuhamishwa mwakani. Mtumishi huyo ana elimu ya ununuzi ambayo diwani hana, na hana deni la kampeni. Lakini hajui kwamba njia ya kijiji fulani hupitika hadi Januari tu, na hakuna fomu inayomtaka kujua.

6.0 Thamani ya Fedha katika Uwanda wa Mafuriko

Sheria Na. 7 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2013 pamoja na kanuni zake, iliitaja thamani ya fedha kuwa msingi wa ununuzi. Marekebisho ya mwaka 2016, yaliyofuata malalamiko ya wazi ya Rais John Magufuli kwamba serikali ilikuwa ikiuziwa vitu kwa bei kubwa kuliko ya soko, yalitilia mkazo bei ya soko. Marekebisho hayo pia yalizitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo, thamani ikawa na angalau maana tatu ndani ya sheria moja: bei isiyozidi soko, ubora unaolingana na gharama, na manufaa kwa makundi ambayo soko huyasahau. Maana hizo huenda pamoja mara nyingine. Mara nyingine hugongana.

Bonde la Kilombero huongeza maana ya nne, nayo ni wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mvua za bonde huanza Novemba au Desemba na kufikia kilele Machi na Aprili, mto unapofurika na kutandaa katika uwanda wake. Mavuno ya mpunga, yanayoleta sehemu kubwa ya ushuru wa mazao, huanza kuelekea mwisho wa mvua hizo. Halmashauri inayosubiri kupokea fedha ndipo itangaze zabuni, kisha ipitie tathmini, idhini ya bodi, kipindi cha kusubiri malalamiko na utiaji saini, hujikuta inamkabidhi mkandarasi eneo la kazi wakati mawingu yameshatanda. Hapo kuna njia mbili: kusimama hadi Juni, mwaka wa fedha ukifungwa, au kuendelea na kulipia lori lililokwama, mchanga uliosombwa na saruji iliyoganda. Katika hali zote mbili bei ya mkataba inaweza kuwa sahihi kabisa na thamani ikawa imepotea.

Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa Mei 2018, lenye urefu wa mita 384, mzigo wa kwenda Ulanga na Malinyi ulivuka kwa kivuko. Mzabuni mwangalifu aliweka katika bei yake siku za kusubiri ng'ambo. Asiye mwangalifu hakuziweka, akashinda. Mfumo unaochagua bei ndogo bila kuuliza imehesabiwaje huwapa ushindi wasiolijua bonde.

7.0 Njia Mbili za Kukwepa Zabuni ya Kawaida

7.1 Mshitiri wa dawa

Zahanati hupata dawa kwanza kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa mwaka 1993. Bohari inapokosa dawa fulani, kwa miaka mingi kila kituo au halmashauri ililazimika kukusanya bei za wauzaji binafsi, agizo dogo baada ya dogo. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma, kwa msaada wa mradi wa afya uliofadhiliwa na Uswisi, ulianza mfumo ulioitwa Jazia: halmashauri zote za mkoa ziliunganisha mahitaji yao, zikashindanisha wauzaji mara moja chini ya uratibu wa sekretarieti ya mkoa, na kumpata mshitiri mmoja wa kujazia pengo kwa bei zilizokubaliwa. Baada ya Dodoma mfumo ulipelekwa Morogoro na Shinyanga, na kufikia 2018 ulikuwa umeenea katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Kwa Kilombero, mantiki yake ni rahisi kuiona. Agizo la zahanati moja ya Mlimba halimshawishi muuzaji yeyote kupunguza bei wala kusafiri. Agizo la mkoa mzima humshawishi. Tena tathmini haiishii katika bei. Leseni, ghala, na uwezo wa kufikisha mzigo ni sehemu ya ushindani. Gharama yake ni kwamba mshitiri anakuwa mmoja. Akichelewa, au halmashauri ikichelewa kumlipa naye akasita, hakuna jirani wa kukimbilia bila kurudi katika utaratibu wa zamani. Hata hivyo, Jazia ni mfano mzuri wa thamani ya fedha, kwa sababu vigezo vyake vilianza na swali la mganga mfawidhi, kwamba dawa inakosekana wapi na lini, ndipo vikafika kwa mhasibu.

7.2 Fosi akaunti na darasa la milioni 20

Njia ya pili ni ujenzi kwa kutumia mafundi wa mahali chini ya usimamizi wa kamati, maarufu kama fosi akaunti. Utaratibu huo uliruhusiwa na kanuni za mwaka 2013, lakini ulienea hasa kuanzia mwaka 2017, serikali ilipopeleka fedha za kupanua vituo vya afya moja kwa moja katika halmashauri na vituo. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20.

Faida za utaratibu huu hazibishaniwi sana. Fedha ya ufundi hubaki kijijini, kamati huona kila mfuko unaoingia, na faida ya mkandarasi huwa tofali. Maboma mengi ya zamani yalipata paa. Lakini kiwango kimoja kwa nchi nzima kina dhana iliyofichika, kwamba umbali hauna bei. Darasa la Ifakara mjini, karibu na duka la vifaa, na darasa la kijiji kilicho ndani ya uwanda wa mafuriko yalipewa kiasi kilekile. Pengo lilipotokea, lililazimika kuzibwa na kitu: mapato ya ndani ya halmashauri, ubora, au nguvu za wananchi waliosomba mchanga, mawe na maji.

Hapa historia inatudai uangalifu. Kuchangia nguvu kwa hiari katika shule ya mtoto wako si sawa na kufyeka barabara ya mkoloni kwa kushindwa kulipa kodi, na insha hii haidai kwamba ni sawa. Inachodai ni kwamba katika hesabu za nyakati zote mbili kuna safu isiyojazwa. Darasa linaposemwa kuwa limegharimu milioni 20, na kwa hiyo kuthibitisha thamani ya fedha kuliko zabuni ya mkandarasi, ulinganisho huo si halali mpaka siku za kazi za wanakijiji ziandikwe. Mkandarasi hulipia maji yake; mama aliyebeba ndoo kichwani hajaandikwa popote.

8.0 Kutoka Sanduku la Zabuni hadi Mfumo wa NeST

Katika kipindi hichohicho mamlaka ya halmashauri juu ya ununuzi mkubwa yalipungua. Barabara zilihamishiwa kwa TARURA mwaka 2017 na maji ya vijijini kwa RUWASA mwaka 2019. Mwaka 2021 Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero iliondoka katika orodha. Eneo lake likawa chini ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni hasa shule, afya, masoko na mahitaji ya ofisi.

Mwaka 2023 zabuni za umma zilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo ikaanza kutumika 2024 pamoja na kanuni mpya. Mfumo una manufaa makubwa. Bahasha haiwezi kufunguliwa usiku, wala mzabuni hawezi kuambiwa kwamba sanduku limefungwa kabla ya saa. Mfanyabiashara wa Ifakara sasa anaweza kuona zabuni za Kigoma, na wa Kigoma kuona za Ifakara.

Lakini hilo la mwisho lina pande mbili. Upendeleo wa kisheria kwa wazawa humlinda Mtanzania dhidi ya kampuni ya kigeni. Haumtofautishi fundi wa Mlimba na kampuni ya Dar es Salaam. Fundi naye hutakiwa kujisajili katika mfumo, jambo linalohitaji nyaraka, simu inayofaa na mtandao unaoshika. Aidha, nyaraka sanifu ndani ya mfumo hurahisisha kazi kiasi kwamba afisa anaweza kuandaa zabuni nzima bila kuandika sentensi moja inayolihusu bonde.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ina mkondo mmoja unaoonekana. Thamani ilipimwa na Bwana Shauri, kisha na mtoa vibali wa wilaya, kisha na madiwani, kisha na wakuu wa idara, na sasa kwa sehemu kubwa na vigezo vilivyomo katika mfumo. Kila hatua ilipunguza nafasi ya mtu mmoja kufanya apendavyo, na kwa hilo mageuzi yanastahili kuungwa mkono. Insha hii haioni sababu ya kuwarudisha madiwani katika bodi za zabuni. Kero zilizowaondoa hazikuwa za kubuni.

Hata hivyo, sheria yenyewe imeacha mlango ambao hautumiwi vya kutosha. Kwa kuwa kigezo kisichotajwa katika nyaraka za zabuni hakiwezi kutumika katika tathmini, basi thamani huamuliwa wiki nyingi kabla ya bei ya kwanza kuwasilishwa, wakati wa kuandaa mpango wa ununuzi wa mwaka na mahitaji ya idara tumizi. Hapo ndipo mwalimu mkuu anaweza kusema kwamba makabidhiano yawe shuleni na kabla ya Desemba. Hapo ndipo mganga mfawidhi anaweza kutaja miezi ambayo kituo chake hakifikiki. Hapo ndipo kamati ya fedha, ambayo kisheria hupokea mpango huo, inaweza kuuliza kama kalenda ya zabuni imetazama kalenda ya mto. Hakuna marekebisho ya sheria yanayohitajika kwa lolote kati ya hayo. Maandalizi yanaweza kuanza kabla ya Julai, ili mkataba utiwe saini wakati ardhi bado ni kavu.

Suala la safu isiyojazwa ni gumu zaidi. Ikiwa nguvu za wananchi zitaandikwa kwa thamani ya shilingi katika taarifa za miradi ya fosi akaunti, baadhi ya miradi inayosifiwa kwa unafuu itaonekana kuwa ghali, na halmashauri chache zitafurahia matokeo hayo. Pamoja na hayo, bila uandishi huo, mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakaposoma hesabu zetu atafanya kosa lilelile ambalo tumelionya kuhusu barabara za kikoloni: atadhani kwamba madarasa ya Bonde la Kilombero yalikuwa rahisi.